Mabanio Matatu hadi kwa Mama Mdogo

Nilijua kuna jambo nilipoviona viatu. Mama yangu anaishi peke yake Nakwa, kando ya ziwa, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, na viatu vinavyokaa mlangoni pake navijua vyote. Kuna kandambili zake za bluu, na kuna raba za jirani anayemletea maziwa, basi. Siku hiyo kulikuwa na makubazi ya ngozi ya kike, yamepangwa sawasawa kando ya kandambili za mama, kama yaliyozoea kukaa hapo.

Niliingia na mfuko wa nyama mkononi. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa huwa nafunga duka mapema nakwenda kumpikia. Sebuleni, juu ya mkeka, wanawake wawili walikuwa wameinamia sinia la maharage. Mmoja alikuwa mama. Wa pili aliponiinulia uso, nilisimama hapo hapo.

Alikuwa Mama Mdogo.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa hapa Babati mjini, na alikuwa na wake wawili. Mama, mke mkubwa, alikaa mjini. Mama Mdogo alikaa bondeni, upande wa Magugu, ambako baba alikuwa na mashamba ya mpunga. Wanawake hao walikuwa hawasemezani tangu mimi sijaanza shule. Kitu pekee nilichokumbuka ni mwanamke amesimama getini kwetu anapiga kelele, kanga imemdondoka begani, na mama yuko ndani ameuegemea mlango kwa mgongo, hafungui. Sikuambiwa kisa. Nilikua nikijua tu kwamba yule mwanamke ni mbaya, kama mtoto anavyojua kwamba moto unaunguza. Hata baba alipofariki, msibani walikaa vyumba viwili tofauti, na waliokuja kutoa pole waliingia kwanza kwa huyu, kisha wakatoka wakaingia kwa yule.

Sasa mwanamke huyo alikuwa kwenye mkeka wa mama yangu, anakunywa chai kwenye vikombe vya maua ambavyo mama huvitoa Idi tu.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, mashallah."

Mama hakunitazama hata kidogo. "Usisimame hapo kama polisi," alisema. "Weka nyama jikoni, uje utusaidie. Hapa kwenye banio la pili tumekwama."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilipokaribia niliona kwamba maharage hayakuwa yanachambuliwa. Walikuwa wameyapanga mstari mmoja unaopinda kutoka upande huu wa sinia hadi upande ule, na vijiwe vitatu vilivyotoka kwenye maharage hayo hayo vimekatiza mstari.

"Huu ni mto," Mama Mdogo alinionyesha kwa kidole. "Hivi vijiwe ni mabanio."

Mabanio nayajua, maana mimi nauza vifaa vya ujenzi na simenti ya kuyakarabati hununuliwa kwangu. Ni kuta za zege zinazokatiza mto ili maji yapande na kuingia kwenye mifereji ya mpunga. Nilichokuwa sijui ni kwa nini wajane wawili, mmoja ana kisukari na mwingine ana magoti mabovu, wanajenga mto kwenye sinia.

"Mto gani?"

"Wa bondeni. Kuanzia pale darajani hadi nyumbani kwa huyu," mama alijibu. "Tunakwenda na mtumbwi."

"Nani anakwenda?"

"Mimi na yeye. Kwani unaona nani mwingine hapa?"

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nakumbuka damu ya nyama ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye mfuko, inadondokea gauni langu, na sikuwa na akili ya kuutua.

*

Mama Mdogo ndiye aliyenisimulia, tukiwa jikoni mimi namenya vitunguu. Mama alijifanya hasikii.

Walikutana hospitali. Wote wawili walikwenda kutolewa mtoto wa jicho, kila mmoja kwa siri yake, maana mama aliniambia anakwenda kusalimia ndugu huko Singe. Baada ya upasuaji walifungwa bandeji na kulazwa vitanda jirani. Jicho lililobaki wazi nalo lilikuwa na ukungu, kwa hiyo kila mmoja aliona mwenzake kama nguo iliyoanikwa. Wakaanza kuzungumza kama wagonjwa wanavyozungumza: unatoka wapi, una kisukari, uji wa hapa hauna sukari. Mchana wote walizungumza. Ilipofika jioni walikuwa wamefika kwenye waume.

"Nikamwambia yule mama wa kitanda cha pili, mume wangu marehemu alikuwa hanywi chai mpaka aipulize kwanza, halafu aiweke chini aisahau, halafu alalamike imepoa," Mama Mdogo alisema. "Nikasikia kimya. Nikadhani amelala. Halafu akaniuliza, alikuwa anavaa koti hata jua likiwaka? Nikasema ndiyo. Akaniuliza, koti la kaki? Mwanangu, mwili mzima ulinisisimka. Nilitaka kukimbia, lakini ningekimbilia wapi na jicho moja?"

"Hamkutambuana sauti?"

Mama, ambaye eti hasikii, alijibu kutoka sebuleni. "Sauti yake nilikuwa naijua ikipiga kelele tu. Ikizungumza polepole nilikuwa sijawahi kuisikia."

Walilala usiku ule kila mmoja amegeukia ukuta. Asubuhi mama ndiye aliyeanza kutoa salamu. Walichoambiana baada ya hapo hawakunieleza, na mimi niliona nimeshasikia vya kutosha kwa Ijumaa moja. Waliniambia tu kwamba kabla ya bandeji kufunguliwa waliwekeana ahadi, macho yakipona, mama aende bondeni kwa Mama Mdogo, na aende kwa maji.

"Kwa nini kwa maji?" niliuliza. "Kuna lami hadi Magugu. Kuna basi kila saa. Mimi mwenyewe nina gari."

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuwaona wakitazamana.

"Kwa maji," mama alisema, akarudi kwenye maharage yake.

*

Nilikataa. Nilikataa wiki nzima, kwa simu na ana kwa ana. Nilimtajia kichocho, viboko, kisukari chake. Nilimwambia hajawahi kupanda mtumbwi tangu azaliwe. Hapo alinitazama kwa huruma.

"Njoo kesho ziwani asubuhi," alisema. "Vaa viatu vya matope."

Nilijua mama alizaliwa hapa hapa Nakwa na kwamba babu alikuwa mvuvi. Lakini tangu nimjue, mama yangu ni mke wa mwenye duka. Hata samaki aliletewa, akamwosha kwa limau, akajipulizia marashi. Asubuhi ile alinitangulia hadi ufukweni akiwa amefunga kanga mbili na kukunja suruali ya marehemu baba. Alikuwepo mvuvi mmoja mtu mzima, mtoto wa binamu yake, mwenye mtumbwi mdogo wa mbao. Mama alimsalimia, akauzunguka ule mtumbwi akiugongagonga kwa ngumi, akapachunguza mahali palipozibwa kwa lami.

"Unavuja?"

"Kidogo, shangazi. Kopo moja moja."

Mama alishika kasia, akausukuma mtumbwi, akarukia ndani kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Ule mtumbwi hata haukuyumba. Alipiga kasia upande mmoja tu, lakini mtumbwi ulikwenda umenyooka. Akazunguka matete, akapita mbali na mahali ambapo viboko walikuwa wanapumua, akarudi. Kanga ya kichwani ilikuwa imeanguka na mvi zake zote zilikuwa nje.

Yule mvuvi alinitazama akacheka. "Ulikuwa hujui? Huyu ndiye alikuwa anamvulia babu yako akiwa na homa. Wavulana wa Nakwa wote walikuwa wanamwona kwa nyuma tu."

"Mbona hujawahi kuniambia?" nilimuuliza mama alipopanda nchi kavu.

"Baba yako alisema mke wa duka asinuke samaki," alijibu huku akikamua kanga. "Nikaacha. Basi."

Siku hiyo niliacha kukataa. Sikukubali kwa mdomo. Niliuliza tu huo mtumbwi una uzito gani, na mama akajua.

*

Uzito ndio ulikuwa shida yetu. Kwenye kila banio mtumbwi lazima utolewe majini, ubebwe nchi kavu kuzunguka ukuta, urudishwe majini upande wa chini. Wavuvi wawili wenye nguvu waliuinua kwa shida. Mama alitaka kukodi punda. Mama Mdogo, kwa simu, alisema punda wa bondeni wana kiburi. Mimi nilikwenda stoo dukani nikakata bomba nene la plastiki vipande, tukajaribu uani kwa mama. Ukiuweka mtumbwi juu ya mabomba na kuusukuma, unateleza. Kipande kinachobaki nyuma unakiokota na kukiweka mbele. Mama alisukuma mwenyewe kutoka bafuni hadi getini. Nikaongeza madumu matupu ya mafuta ya kufunga ubavuni ili mtumbwi usizame ukipinduka, na kamba ndefu.

Kilichobaki ni maji yenyewe. Mabanio yana mageti, na mageti yanafungwa kwa zamu. Siku ambayo maji yamegeuziwa mashamba ya juu, mto chini ya banio unabaki madimbwi ambayo hata bata anagusa chini. Ilibidi twende tukaonane na wenye mageti, tena mapema, kabla wakulima hawajaanza kugombania maji. Kwa hiyo siku moja baada ya masika kwisha tulipanda kirikuu, kile kigari changu kidogo cha mizigo, mimi na mama mbele, tukamchukua Mama Mdogo Magugu stendi. Walibanana kwenye kiti kimoja, magoti ya huyu juu ya magoti ya yule, wakibishana kama dirisha lifungwe au lisifungwe.

Banio la kwanza halikutusumbua. Ukingo ni mpana na nyasi zimeliwa na ng'ombe zikabaki fupi. Mto pale ni mtulivu kabisa, wa kijani, unapita kama mtu asiye na haraka. Mama alisimama akauangalia muda mrefu.

Banio la pili lina mlinzi wa geti, mwanamume wa makamo mwenye koti la mvua, mkulima wa mahindi aliyepewa kazi hiyo na kamati ya maji. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akanivuta pembeni.

"Dada, samahani. Hawa mama ni wazima?"

"Wazima."

"Wanasafirisha kitu?"

"Hapana. Wanakwenda nyumbani tu."

Alijikuna kichwa. "Wamama wawili wazee, mtumbwini, asubuhi na ukungu. Watu hapa watasema mengine. Mpunga ukipata ugonjwa mwezi ujao, watakumbuka mtumbwi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimewaza viboko na kichocho, sikuwaza majirani. Mzee wa kike anayefanya kitu kisichoeleweka, hata hapa kwetu, anaweza kuharibikiwa maisha kwa neno moja. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia turudi, pale Mama Mdogo alipotufikia akijikokota na fimbo yake. Yule mlinzi alipomwona vizuri usoni, alivua kofia.

"Aa! Shikamoo, mama," alisema, na akamwita Mama, halafu akataja jina. Jina la mtoto wa kiume.

"Marahaba, baba. Mahindi yanaendeleaje?"

"Sikujua ni wewe. Basi kama ni wewe nitazungumza na kamati. Tutatangaza kwenye mkutano, kila mtu ajue ni nani anapita na kwa nini."

Waliendelea kuzungumza. Mimi sikusikia tena. Hapa kwetu mwanamke haitwi Mama Fulani bila huyo fulani kuwepo. Mama Mdogo hakuwa na mtoto. Ndivyo nilivyojua maisha yangu yote. Baba alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ni mimi. Shuleni niliandika hivyo, kwenye mirathi tuliandika hivyo.

Nilimgeukia mama. Alikuwa amekaa juu ya ukuta wa banio, anatazama maji yanavyomwagika.

"Mama, mbona amemwita hivyo?"

Aliokota jani juu ya ukuta, akalitupa majini.

"Mama. Huyo ni nani?"

"Ni kaka... ni mdogo wako," alisema. "Alikuwa mdogo wako."

Nilishika ukuta. Zege lilikuwa la moto kwa jua, na bado nakumbuka moto ule kwenye viganja kuliko maneno yaliyofuata.

Alinieleza bila kulia. Mtoto alizaliwa mimi nikiwa ndio kwanza naanza kutamka maneno vizuri. Aliishi miezi michache, akashikwa na homa katikati ya masika makubwa. Alipofariki, baba alimtuma mtu kutoka bondeni kuja mjini kumwambia mama aende kuzika.

"Nikasema maji yamejaa, barabara imekatika, nitapita wapi? Na kweli ilikuwa imekatika. Mito yote ilikuwa imejaa. Lakini yule aliyetumwa alikuwa amepita. Alikuwa amesimama mbele yangu, amelowa mpaka kifuani. Mimi niliyelelewa kwenye maji nikamwambia nimeshindwa na maji."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa wa kiume," mama alisema. "Nilikuwa na wewe tu. Sikutaka aishi. Halafu hakuishi."

Ningetaka kuandika hapa kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilimwangalia kama mtu ninayemwona kwa mara ya kwanza. Kwa mbali nilisikia ile sauti ya getini, ya yule mwanamke na kanga yake iliyodondoka, na safari hii nilielewa alichokuwa anakipigia kelele.

Baada ya kuzika, Mama Mdogo alikuja mjini kumuuliza. Ndivyo ilivyokuwa, alikuja kuuliza tu. Mama hakufungua mlango. Baba, kwa kutafuta amani, alikataza habari hiyo isitajwe tena nyumbani kwetu, na ikawa hivyo. Bondeni waliendelea kumwita yule mwanamke kwa jina la mwanawe. Mjini sisi tulimwita Mama Mdogo.

"Yeye anajua?" niliuliza. "Ulichoniambia sasa hivi?"

"Nilimwambia hospitali."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Asubuhi akanipa nusu ya chapati yake."

*

Tulirudi Babati bila redio. Siku mbili tatu sikwenda Nakwa. Nilikaa dukani, nikauza misumari na rangi, nikakosea chenji. Niliwaza kumpigia Mama Mdogo na kumwomba msamaha, lakini msamaha wa nini hasa, wa kutojua? Mwishowe nilimpigia kumuuliza kama magoti yake yataweza kukunjika mtumbwini. Alisema atakaa juu ya mto wa kulalia. Kabla hajakata simu alisema, "Usimkasirikie sana mama yako. Mimi nimemkasirikia kwa niaba yetu wote, inatosha."

Tulikwenda siku ambayo mageti yote yalikuwa wazi, mtumbwi tukiwa tumeupakia kwenye kirikuu hadi darajani. Mlinzi alitimiza ahadi. Alitangaza mkutanoni kwamba mke mkubwa wa marehemu anakuja kuzuru kaburi la mtoto, na anakuja kwa maji kwa sababu ana nadhiri. Nadhiri watu waliielewa. Kwenye banio la kwanza tulikuta akina mama wamesimama na ndoo zao, kimya, wanatusubiri. Nilikuwa nimejiandaa kusukuma mtumbwi na mlinzi tu. Akina mama walitua ndoo, wakashika ubavu huu na ule, wakaubeba mtumbwi mzima mzima. Mabomba yangu sikuyatumia hata moja.

Kipande cha kati nilizunguka na gari, mimi na mlinzi, tukawasubiri banio la pili. Walichelewa. Jua lilipanda, mlinzi akaacha kuzungumza, mimi nikaanza kutembea ukingoni kurudi juu nikiita. Kwenye kona moja niliona dumu la njano linaelea peke yake linakuja. Niliingia majini hadi magotini na viatu vyangu, mimi nisiyejua kuogelea, nikiita mama, mama, kama mtoto.

Walitokea nyuma ya matete. Mama anapiga kasia, Mama Mdogo anachota maji na kopo, wote wamelowa, na wanacheka mpaka hawawezi kuzungumza. Matete yaliwanasa, Mama Mdogo alisimama kuyakata, kamba ya dumu ikakatika.

"Unalia nini?" mama aliniuliza. "Ingia humu. Gari ataliangalia yule baba wa geti."

"Siingii."

"Ingia."

Niliingia. Nilikaa katikati, kati ya wake wawili wa baba yangu, nimeshika mbao huku na huku, na baada ya mlinzi kutusaidia kulizunguka banio la pili, kipande kile cha mwisho tulikipita hivyo. Mto ulikuwa mpana na hauna sauti. Mashamba yalikuwa juu yetu pande zote mbili, tukaona tu vichwa vya watu waliokuwa wanapalilia na ndege weupe. Banio la tatu ni dogo, tuliburuta mtumbwi sisi wenyewe watatu, na nyumba ya Mama Mdogo ilikuwa pale pale.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka ambapo maji hayafiki. Ni dogo sana. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, sikuwa nimejiandaa kwa udogo ule. Mawe yamepakwa chokaa mpya. Mama alifika akasimama, akainua mikono kuomba dua, na Mama Mdogo akaishika kutoka chini, akaishikilia hivyo hivyo hadi dua ikaisha. Kisha mama alikaa chini kwenye udongo, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, hata siku ya baba. Mama Mdogo hakumnyamazisha. Alikaa kando yake akiyapanga upya mawe ambayo yalikuwa tayari yamepangika.

"Alifanana na nani?" nilimuuliza Mama Mdogo baadaye, tukiwa tunaosha miguu.

Alifikiri. "Masikio yalikuwa yako," alisema. "Mengine alikuwa bado hajaamua."

Mama alikataa kurudi na mimi siku ile. Alisema amechoka, atalala kwa mwenzake usiku mmoja. Niliacha dawa zake za kisukari, nikakifuata kirikuu banio la pili, nikarudi nacho Babati kitupu.

Usiku mmoja ukawa siku kadhaa. Nilipiga simu mchana, nikiwa dukani na wateja wananisubiri. Iliita sana. Alipopokea nilisikia vicheko vya wanawake na kitu kinachomwagika.

"Mama, uko wapi? Nije kukuchukua lini?"

"Niko matopeni," alisema. "Tunapandikiza mpunga."

Mama yangu hajawahi kupanda mpunga maisha yake yote.

"Wewe? Na kisukari chako?"

"Piga jioni, mwanangu, mikono ina tope," alisema, na akakata. Mteja aliniuliza bati ni bei gani, akaniuliza tena, nami nilikuwa bado nimesimama na simu sikioni.